"Imeandikwa wapi?" Maandiko na mamlaka ya Kanisa Katoliki

Kila ikikaribia tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, lile swali linarudi, kazini, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwenye familia zenye Wakatoliki na walokole humo humo: imeandikwa wapi kwenye Biblia kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho? Na Mkatoliki mara nyingi anajibu kwa kifupi tu, Kanisa ndo limefundisha hivyo, basi. Mi naona muulizaji ana haki kabisa ya kuuliza, na jibu hilo halitoshi hata kwa vipimo vya Kanisa lenyewe. Ila swali nalo limebeba kitu ndani yake ambacho muulizaji huwa hajakikagua.

Ukisema jambo lisiloandikwa kwenye Biblia lisiaminiwe, maana yake tayari una orodha ya vitabu unayoiamini, sasa hiyo orodha imeandikwa kwenye kitabu gani? Hakuna sura inayosema Agano Jipya lina vitabu 27. Vyote 27 tunavikuta kwenye barua ya Pasaka ya Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, alafu sinodi, yani mikutano ya maaskofu, za Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, huko huko Afrika ya Kaskazini, zikathibitisha. Yani kwa miaka zaidi ya 300 watu walibatizwa, wakashiriki Ekaristi, wengine wakauawa kwa ajili ya Kristo, na huku makanisa bado yanajadiliana kama Waebrania, Petro ya pili na Ufunuo vinaingia au haviingii. Walichokuwa nacho ni maandiko yaliyokuwa yanasomwa kwao, mahubiri yaliyotoka kwa mitume na maaskofu waliopokea kutoka kwao, na Paulo alishawaandikia Wathesalonike wayashike mapokeo waliyofundishwa "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu".

Waprotestanti wana jibu hapa na ni jibu zito, tusilipite haraka. Wanasema Kanisa halikuvipa hivyo vitabu mamlaka, lilivitambua tu. Barua kwa Warumi ilikuwa Neno la Mungu tangu Tertio, aliyeiandika kwa maneno ya Paulo, alipoweka kalamu chini, haikusubiri Kartago. Na Wakatoliki wengi hawajui kwamba hili Kanisa lao linalikubali, maana Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1870 ulisema wazi kwamba vitabu hivi ni vitakatifu si kwa sababu Kanisa liliviidhinisha baadaye, ni kwa sababu viliandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu na mwandishi wake ni Mungu. Tena Waprotestanti wanaongeza kwamba hata orodha ya Agano la Kale haikutulia mapema, Yeronimo mwenyewe aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini alikuwa na mashaka na Tobiti, Yudithi na vingine vya kundi hilo, Agostino akavikubali, na Mtaguso wa Trento ukaja kufunga mjadala rasmi mwaka 1546 wakati Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, ameshafariki. Sawa kabisa. Ila kutambua nako kunahitaji mtambuaji, na mtambuaji akikosea umebaki na Biblia isiyo sahihi, kwa hiyo huwezi kuiamini orodha bila kuliamini kwa kiasi fulani hilo Kanisa lililoitambua.

Sasa hapa ndo Wakatoliki tunaruka hatua. Hoja ya orodha inaonyesha mamlaka ya kutambua inahitajika, haithibitishi kila kitu ambacho mamlaka hiyo imewahi kukitangaza. Kupalizwa kulitangazwa kuwa dogma, yani fundisho ambalo kila Mkatoliki anapaswa kuliamini, na Papa Pio XII tarehe 1 Novemba 1950. Epifani wa Salami, askofu wa karne ya 4, aliandika kwamba hakuna anayejua mwisho wa Maria ulikuwaje, na masimulizi ya kupalizwa kwake yanaenea zaidi karne za 5 na 6. Papa hakutegemea aya moja, aliegemea uhusiano wa Maria na Mwanae, sikukuu iliyoadhimishwa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, na majibu ya maaskofu wa dunia nzima aliowauliza mwaka 1946 ambao karibu wote walikubali. Mimi naiamini hiyo dogma, lakini naiamini kwa sababu naamini ahadi ya Yohane 16:13 kwamba Roho atawaongoza kwenye kweli yote, na tuseme hivyo waziwazi kuliko kulazimisha Ufunuo 12, ile ya mwanamke aliyevikwa jua, iseme peke yake kisichosemwa pale.

Na upande wa Waprotestanti, wanaosema Maandiko peke yake yanatosha, una jeraha lake. Mwaka 1529, miaka 12 tu baada ya Luther kuanza, yeye na Zwingli, mwanamageuzi mwenzake wa Uswisi, walikutana Marburg kule Ujerumani, wote wanashika Biblia ile ile, wakashindwa kukubaliana juu ya maneno ya Yesu kwenye karamu ya mwisho, "huu ndio mwili wangu". Walikuwa watu wasomi na wacha Mungu, na aya yenyewe ni fupi.

Kinachonisumbua zaidi ni Marko 7:13, Yesu anawaambia watu wanatangua neno la Mungu kwa mapokeo yao, na hao walikuwa walimu halali wa dini. Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, namba 10, inasema mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia. Vizuri sana, lakini kama mtumishi ndo anayetafsiri alichosema bwana wake, nani atamwambia amekosea? Hapa shaka ya Waprotestanti ina nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Jibu la Kikatoliki ni kwamba waamini wote wana hisi ya imani, yani uwezo wa kutambua kweli ya imani, ila hisi hiyo italishwa na nini kama Maandiko hawayajui? Mtaguso huo huo uliagiza waamini wafunguliwe mlango mpana wa Maandiko, alafu nenda kwenye jumuiya ndogo ndogo zetu nyingi, Injili inasomwa haraka haraka na muda unaobaki wote unaenda kwenye michango.

Ila kwenye ngazi ya maaskofu tumeona kusahihishana huko kukifanya kazi. Desemba 2023 Vatikano ilitoa tamko liitwalo Fiducia Supplicans lililoruhusu baraka zisizo za kiliturujia kwa wenzi wa jinsia moja, na tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa akatoa barua kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba kwa ujumla hawaoni inafaa kutoa baraka hizo huku, na kati ya sababu walizoweka mbele ni Neno la Mungu pamoja na utamaduni wa watu wao. Wengi walisoma kama uasi. Barua ile ilisema imeandikwa kwa makubaliano na Papa Fransisko mwenyewe.