Mtihani wa leseni kwa afisa ustawi: upime nini, na kwa lugha gani

Hoja ya kuwawekea wahitimu wa ustawi wa jamii mtihani wa leseni ina uzito wake. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii anayoandika afisa ustawi hutumika Mahakama ya Watoto Kisutu, Dar es Salaam, kabla hakimu hajaamua mtoto aende wapi. Mzazi anayeingia ofisi ya kata Mbagala hana njia ya kujua kama aliyekaa upande wa pili wa meza anaielewa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 au alivuka chuo kwa kukariri. Na mafunzo kwa vitendo, ambayo ndiyo yangemchuja, mara nyingi hayamchuji: mwanafunzi anapewa kupanga mafaili na kutoa fotokopi, kisha siku ya mwisho msimamizi aliyeelemewa na mashauri anamjazia fomu ya tathmini kwa huruma tu.

Upande wa pili nao una ushahidi, tena si mdogo. Marekani wametumia kwa miaka mingi karatasi ya maswali 170 ya kuchagua kwa saa 4, chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Maswali 20 kati ya hayo ni ya majaribio, hayahesabiwi, na mtahiniwa hajui ni yapi. Mwaka 2022 chombo kinachotunga mtihani huo, ASWB (umoja wa bodi za leseni za ustawi wa jamii), kilitoa takwimu zilizowashtua wengi: kwenye ngazi ya kliniki mwaka 2021, weupe waliofaulu mara ya kwanza walikuwa karibu asilimia 84, weusi asilimia 45. England haina mtihani wa taifa kabisa. Inakagua vyuo na kudai siku 200 za vitendo na stadi. Hapa kwetu Tanzania, mwaka huohuo wa 2022, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilitangaza matokeo: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mtihani ulionyesha kuwa ugonjwa upo. Haukusema ulianzia wapi.

Tuutazame mtihani wenyewe kwa karibu, kwa swali moja la mfano. Mwalimu wa Temeke anakuletea mtoto wa miaka 9 mwenye alama za kuungua mgongoni, asiyetaka kurudi nyumbani. Uanze na nini: kumwita mama wa kambo, kumpa mtoto rufaa ya ushauri nasaha, kwenda kukagua nyumba, au kuhakikisha anatibiwa na hatalala nyumbani leo? Hata mwenye uzoefu anaweza kuchagua kumwita mzazi, maana ndivyo baadhi ya ofisi zinavyofanya: yaongewe, yaishe. Ni kosa. Usalama hutangulia usuluhishi. Dawati la jinsia na watoto la polisi lijulishwe, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) itolewe, na mtoto ahojiwe pasipo anayetuhumiwa. Swali la namna hii ni zuri sana, kwa sababu linavunja mazoea mabaya.

Lakini aliyelijibu sawasawa anaweza bado kuandika kwenye ripoti, “mama hajali watoto”, sentensi ambayo wakili ataipangua mara moja. Alitakiwa aandike: “Saa 5 asubuhi mtoto alikuwa peke yake chumbani, mlango umefungwa kwa kufuli nje.” Maswali ya kuchagua hayalioni kosa hilo, nalo ndilo linaloharibu mashauri.

Halafu kuna lugha. Darasani ni Kiingereza. Kazini, kuanzia kwa mjumbe hadi ofisi ya mtendaji wa kata, ni Kiswahili. Karatasi ya Kiingereza itamwangusha afisa hodari na kumpitisha anayejua kusema Kiingereza tu.

Kwa maoni yetu mtihani uwepo, ila uwe lango la pili. La kwanza liwe daftari la mashauri linaloonyesha tathmini, mpango na ufuatiliaji, likisainiwa na msimamizi kila wiki. Karatasi iwe ya Kiswahili: nusu maswali ya kuchagua, nusu kuandika ripoti kamili kutokana na maelezo ghafi.

Anayejiandaa sasa kwa mtihani wa namna hiyo aweke nadharia za kigeni kando kwanza. Aanze na Sheria ya Mtoto: maslahi bora ya mtoto, wajibu wa serikali za mitaa, na wajibu wa kila mwanajamii kutoa taarifa. Kisha asome Sheria ya Ndoa ya 1971 kuhusu malezi. Inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo hupingika kwa ushahidi. Wengi huiandika kama amri, na ripoti zao hukosa kabisa maelezo ya nyumba ya baba.