Mtoto anapoandika 2005 kwa "mia mbili na tano"

Waambie watoto wa darasa la pili waandike mia mbili na tano. Hatakosekana wa kuandika 2005. Tunamwekea alama ya kosa na kupita, ilhali hakubahatisha: kasikia mia mbili, kaandika 200, kasikia "na tano", kabandika 5 mbele yake.

Kosa hili ndilo linalofanya walimu wabishane kuhusu kuandika namba kwa kirefu, yaani 345 = 300 + 40 + 5. Wapo wanaoshikilia kwamba kirefu ndio mzizi wa kujumlisha na kutoa, hivyo kianze mapema. Wengine wanaona mtoto anakariri tu mtindo wa kujaza daftari. Ukimuuliza ile 4 ina thamani gani, anakujibu "nne". Tena, wanasema, ukimzoesha 200 + 5 kabla hajaelewa nafasi za mamoja, makumi na mamia, umemsogeza karibu zaidi na 2005.

Hoja hiyo ya mwisho ina uzito, hasa kwetu tunaohesabu kwa Kiswahili. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa lugha yenyewe inafundisha: kwenye "kumi na mbili", kumi inasikika na mbili inasikika. Kisha zinakuja ishirini, thelathini, arobaini, maneno yenye asili ya Kiarabu, na ndani ya "arobaini" mtoto hasikii makumi manne. Mganda akitaja 20 husema "amakumi abiri". Makumi mawili yapo wazi masikioni. Hata sisi watu wazima, "elfu kumi na tano" ni 15,000 au 10,005? Sokoni bidhaa iliyo mbele yetu inatuondolea utata. Kwenye daftari mtoto hana msaada huo.

Kwa hiyo naona kirefu kifundishwe, ila kitanguliwe na mikono. Mpe mtoto vijiti 34 avifunge kumikumi kwa uzi: mafungu matatu, vinne vimebaki. Hapo 30 + 4 ni kitu alichokifanya mwenyewe. Kisha kata kadi za boksi, ndefu ya 200 na fupi ya 5, uilaze ile fupi juu ya sifuri ya mwisho. Inasomeka 205. Sifuri ya katikati imebaki ikilinda nafasi ya makumi, na akiinua kadi ya 5 anaiona ile sifuri iliyofichwa chini yake. Kadi hizi zinatibu 2005 kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Najua darasa lililofurika halina nafasi ya kumwaga vijiti, na mwalimu anasukumwa na muda. Vijiti havinunuliwi, lakini vipindi vinaliwa kweli. Hata hivyo, gharama ya kuruka hatua hii inaonekana kwenye 52 − 27. Aliyekariri 50 + 2 anaona 2 haitoshi kutoa 7, anageuza, 7 toa 2 ni 5, 50 toa 20 ni 30, anapata 35. Aliyewahi kufungua fungu la vijiti anajua 52 ni 40 + 12 pia: 12 toa 7 ni 5, 40 toa 20 ni 20, jibu 25.

Ndiyo maana zoezi la "andika 52 kwa kirefu" halinitoshi. Ningependa liulize: andika 52 kwa njia tatu. Atakayeleta 30 + 22 apewe chaki aje awaonyeshe wenzake ubaoni.