Kuimba "ba be bi bo bu" siyo kusoma

Nafundisha darasa la kwanza na kuna jambo linaniuma sana, watoto wenye disleksia (ugumu wa kusoma unaotokana na kushindwa kuunganisha herufi na sauti zake) hatuwaoni kwa sababu madarasa yetu yanasoma kwa kuimba. Mwalimu anagonga fimbo ubaoni, ba be bi bo bu, darasa zima linaitikia kwa nguvu, mtu akipita nje anasema hawa wako vizuri. Kumbe humo ndani yupo anayefuata sauti za wenzake tu, herufi hata moja hajaishika, na kwa kuwa wengi wao wana akili nzuri tu anakariri kitabu kizima, anaangalia picha ya mbuzi halafu "anasoma" ukurasa wote bila kukosea.

Ukitaka kumjua mkalishe peke yake, funika picha, mwandikie neno lisilo na maana kama "dabo". Anayejua kusoma atalitamka hivyo hivyo na kucheka. Huyu atakuambia "bado", au atakutazama usoni akitafuta jibu. Sasa msikimbilie kumpa mtoto jina la ugonjwa, kuchanganya b na d mwanzoni ni kawaida kwa watoto wengi, shida ni pale wenzake wameshavuka na yeye yuko pale pale.

Wazazi wengi wanakimbilia miwani, wengine maombi, wengine tuisheni ya jioni ambayo nayo ni ba be bi bo bu ile ile. Macho na masikio yapimwe, sawa, ila disleksia haiko machoni, iko kwenye namna ubongo unavyounganisha herufi na sauti, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo, ukimuuliza baba vizuri unaweza kusikia naye kusoma kulimsumbua. Kiboko hakimfundishi mtoto sauti ya b jamani, kinamtia hofu mpaka na kile kidogo anachokijua kinamtoka.

Njia inayosaidia imejulikana tangu miaka ya 1930, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham wa Marekani walisisitiza mtoto aone, asikie na aguse kwa pamoja, hatua kwa hatua, bila kuruka. Haihitaji hela. Mwaga mchanga kwenye sinia, achore b kwa kidole huku akitamka sauti yake, siyo jina lake "be". Ikishakaa ndiyo ulete d, siku nyingine kabisa, usizilete pamoja. Halafu chukua vizibo vya soda, sema "kalamu", asukume kizibo kimoja kwa kila silabi, ka, la, mu. Mwambie aondoe cha kwanza, imebaki nini? Lamu! Hata dakika kumi kila siku zinasaidia, mradi zisikatike.

Na Kiswahili kinatubeba sana hapa, a ni a popote utakapoikuta. Ndiyo maana mtoto mwenye disleksia kwa Kiswahili mwishowe anaweza kusoma kwa usahihi ila taratibu mno, anachoka, na hapo ndipo anaitwa mvivu. Maneno kama "mchwa" na "mbwa" yanamtesa kwa sababu konsonanti zimejipanga, na "hawakutuandikia" ni refu, mkatie kwa penseli ha/wa/ku/tu/a/ndi/ki/a aende nalo kipande kipande. Kwa hiyo mimi siungi mkono kabisa kumhamishia mtoto wa hivi English medium eti akachangamke, kule atakutana na "cough" na "though", mwisho zimeandikwa sawa ila zinasomwa tofauti, kabla hajashika hata "kofia". Ashike Kiswahili kwanza.

Walimu wenzangu, ombi langu lingine ni dogo. Usimsimamishe mbele ya darasa asome kitu ambacho hajawahi kukiona. Mpe aya yake jana yake, aende nayo nyumbani, dada au bibi amsikilize, kesho ndiyo umwite.