Bryan Adams na mzigo wa wiki 16

Wapenzi wa muziki wa roki wakikutana na jina la Bryan Adams, hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba Mkanada huyu alikuwa mwanaroki wa kweli hadi mwaka 1991, kisha akaiacha njia yake akafuata nyimbo za mapenzi za kwenye filamu. Na wapo wanaozipenda nyimbo hizohizo za mapenzi, wanazijua neno kwa neno, ila wakibanwa waeleze kwa nini wanazipenda huishia kusema tu kwamba ni nzuri. Hawa wa pili ndio wanaoonewa katika mabishano haya, kwa sababu hoja wanazo, tena nzito.

Wakosoaji nao hawasemi ovyo. Adams amefika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya Marekani mara 4: kwa "Heaven" mwaka 1985, "Everything I Do" mwaka 1991, "All for Love" aliyoimba na Rod Stewart na Sting, iliyofika kileleni mapema 1994, na "Have You Ever Really Loved a Woman?" mwaka 1995. Zote ni nyimbo za taratibu, na zote zina mkono wa filamu. Hata "Heaven", ambayo wengi waliijulia kwenye albamu ya Reckless, ilisikika kwanza katika filamu ya mwaka 1983. Wakati huohuo "Run to You", pamoja na gitaa lake lenye hasira, iliishia nafasi ya 6, na "Summer of '69" nafasi ya 5. Anayedai kwamba sinema ndiyo iliyompandisha kileleni ana ushahidi mkononi. Na "All for Love" mimi siitetei. Sauti tatu zenye mkwaruzo zimewekwa pamoja na kila moja inataka kupaa juu ya nyingine, hadi mapenzi yenyewe yanakosa pa kukaa.

Ila hukumu ya jumla inajengwa zaidi juu ya wimbo mmoja na takwimu moja, na takwimu hiyo inasomwa vibaya. Kuanzia Julai hadi mwishoni mwa Oktoba 1991, "Everything I Do" ilikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 16 mfululizo. Rekodi ya kukaa mfululizo kabla ya hapo ilikuwa wiki 11, iliyowekwa na mwimbaji Slim Whitman mwaka 1955. Mwaka 2016 mwanamuziki Drake aliikaribia rekodi hii ya Adams kwa wiki 15, akaishia hapo.

Mkosoaji akizisikia wiki 16 anaona redio zilizoshindwa kunyamaza. Lakini fikiria chati ya wakati ule ilihesabu nini. Ilihesabu singo, yaani rekodi za wimbo mmoja mmoja, zilizonunuliwa dukani. Mtu akishanunua yake, wiki inayofuata hahesabiwi tena, hata akiupiga wimbo usiku kucha. Siku hizi msikilizaji yuleyule akirudia wimbo mtandaoni wiki baada ya wiki, wiki zote hizo anaongeza hesabu. Mwaka 1991 kila wiki ilihitaji watu wapya, watu ambao walikuwa wameshausikia wimbo bure redioni miezi miwili au mitatu, na bado wakaona inafaa watoe pesa wauweke nyumbani. Redio inaweza kumzoesha mtu wimbo. Kumfanya aununue katika wiki ya kumi na tano, akiwa ameshaushiba, ni jambo jingine kabisa. Naamini wengi wanaosema wanauchukia wimbo ule wanachochukia ni msimu ule wa kuusikia kila kona.

Hoja ya filamu nayo ina mipaka. Ni kweli kwamba wimbo ulizaliwa kutokana na muziki ambao Michael Kamen aliutunga kwa ajili ya filamu ya Robin Hood ya mwaka huo, kisha Adams na mtayarishaji Mutt Lange wakaumalizia. Ndani ya filamu, hata hivyo, unasikika hadithi ikiwa imeshakwisha na majina yanapita kwenye skrini, wakati watazamaji wanainuka vitini.  

Halafu kuna hii habari ya kugeuka mwaka 1991. Wimbo wa kwanza wa Adams kuingia kumi bora za Marekani ulikuwa "Straight from the Heart", mwaka 1983. Ni wa taratibu, na ni wa mapenzi. "Heaven" na "Summer of '69" zimo katika albamu moja, zimeandikwa na watu walewale wawili, Adams na Jim Vallance. Zote mbili zinatumia maneno mepesi ambayo hayahitaji kufasiriwa, zote zina kiitikio ambacho sikio linakisubiri kabla hakijafika. Adams alizaliwa Novemba 1959, kwa hiyo kiangazi cha 1969 alikuwa na miaka 9. Zile kumbukumbu za bendi na mapenzi ya ujana ni kazi ya mtunzi, kama zilivyo ahadi za "Everything I Do". Kuusifu mmoja kwa ukweli wake na kuubeza mwingine kwa kutengenezwa si haki.

Tena "Summer of '69" ilipotoka Uingereza iligota nafasi ya 42. Leo ni vigumu kumfikiria Adams bila wimbo huo. Wakosoaji hulitumia hilo kuonyesha kwamba chati haikuujua wimbo bora, na hapo nakubaliana nao. Lakini chati ikikosea kwa kuupuuza wimbo mmoja, haifuati kwamba ilikosea kwa kuupenda mwingine.

Kinachozibeba nyimbo zake za taratibu ni sauti ileile ya roki. Hakuilainisha. Mwimbaji mwenye sauti nyororo angeimba maneno yale ya "Everything I Do" na yangekuwa sukari tupu; kwa Adams mkwaruzo unayapa uzito, kana kwamba anayeahidi anajua gharama. Anayetaka kulipima hilo bila filamu kumchanganya asikilize "Please Forgive Me" ya mwaka 1993. Haikutoka kwenye sinema yoyote, na bado ilifika nafasi ya 2 Uingereza na ya 7 Marekani. Inaanza na sauti iliyo karibu na mnong'ono juu ya piano, na kufikia mwisho anaomba msamaha kwa koo lilelile lililoimba "Run to You".