Tumpe Mbwamwitu Akili, Lakini Tusimng'oe Meno

Mwalimu Remus Lupin anaingia katika riwaya ya tatu ya Harry Potter, iliyotoka mwaka 1999, akiwa amelala kwenye kiti cha treni, joho lake limejaa viraka na begi lake kuukuu limefungwa kwa kamba yenye mafundo mengi. Muda mfupi baadaye anaamka, anamfukuza kiumbe anayenyonya furaha ya watu, kisha anamega chokoleti na kuwagawia watoto wanaotetemeka. Msomaji anampenda kabla hajajua kwamba kila mwezi unapopevuka mwalimu huyu hugeuka mbwamwitu. Mashabiki wamekuwa wakimtungia hadithi zao wenyewe kwa zaidi ya miaka 20, na katika nyingi wanampa kile ambacho riwaya inampa kwa masharti tu: akili ya kibinadamu ndani ya mwili wenye manyoya. Wengine humfanya mbwamwitu kuwa sauti ya pili kichwani mwa Lupin, yenye uaminifu na busara yake. Wengine humwondolea hatari kabisa, asimdhuru yeyote ila anayemshambulia.

Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuharibu asili, kwamba mtu-mbwamwitu aliumbwa ili atishe. Hoja hiyo haina mizizi. Katika karne ya 12 Marie de France alitunga shairi la Bisclavret, mwungwana ambaye mkewe alifanya nguo zake ziibwe ili asiweze kurudia umbo la mtu. Mbwa wa mfalme wanapomkimbiza msituni, mbwamwitu huyo anashika kikuku cha tandiko la mfalme na kumbusu mguu, naye mfalme anasimamisha msako kwa sababu ameona kwamba mnyama huyu ana akili ya mtu na anaomba kuhurumiwa. Karne hiyohiyo, Gerald wa Wales aliandika habari za kasisi aliyekuwa safarini nchini Ireland, akakutana na mbwamwitu aliyemwomba ampe sakramenti ya mwisho mkewe aliyekuwa akikata roho, naye akiwa katika umbo la mbwamwitu. Mwaka 1692 mzee mmoja wa Livonia, eneo la Latvia na Estonia za leo, aitwaye Thiess aliwaambia mahakimu kwamba yeye na wenzake ni mbwa wa Mungu, wanaoshuka kuzimu kurudisha nafaka walizoiba wachawi. Ni kweli kwamba Peter Stumpp aliuawa kikatili huko Ujerumani mwaka 1589 kwa tuhuma za kugeuka mbwamwitu na kula watu, lakini huruma na hofu zimeishi nyumba moja tangu zamani, na shabiki anayechagua huruma hajazua kitu kigeni.

Hoja yenye uzito zaidi dhidi ya mashabiki hao ni nyingine, na ili kuipima lazima tuanze na mwandishi mwenyewe. Mwaka 2016 J. K. Rowling alichapisha maelezo kwamba hali ya Lupin ilikuwa sitiari ya magonjwa yanayonyanyapaliwa, kama VVU na UKIMWI. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa unyanyapaa. Wengi wetu tuliona kikombe na sahani ya mgonjwa vikitengwa kwenye kabati, vikioshwa peke yake, na mgonjwa mwenyewe akijifunza kutoomba maji mbele ya wageni. Lupin anayekosa kazi kwa sababu ya sheria aliyoiandaa Umbridge, ofisa wa serikali ya wachawi, na anayehitaji dawa ili usiku wa mwezi mpevu alale kimya kama mbwamwitu mpole, ni mtu tunayemfahamu.

Hata hivyo, sitiari hiyo ina jeraha baya. Ndani ya hadithi hizohizo yumo Fenrir Greyback, mtu-mbwamwitu mwingine, anayewatafuta watoto ili awaume kwa makusudi, na ndiye aliyemuuma Lupin akiwa mtoto mdogo. Mtu anayeishi na VVU hageuki mnyama mwezi ukipevuka, hamwindi mtu, na akimeza dawa zake za kufubaza virusi kila siku hadi virusi visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Shabiki anayemwandika mtu-mbwamwitu mwenye akili timamu na asiye tishio anarekebisha kosa hilo, na kwa hilo namuunga mkono bila kusita. Wala hakosi ushahidi ndani ya riwaya, kwa kuwa Lupin mwenyewe anasimulia kwamba akiwa na rafiki zake waliojigeuza wanyama, akili yake ilipungua unyama.

Lakini katika maungamo hayohayo Lupin anasema jambo ambalo hadithi nyingi za mashabiki hulipitia mbali. Enzi za shule, yeye na rafiki zake walizurura usiku, mara nyingi wakanusurika kidogo kuumiza watu, na baadaye wakacheka. Akiwa mwalimu, kwa kuona aibu, alimficha mkuu wake siri kuhusu rafiki wa zamani aliyedhaniwa kuwa muuaji. Na usiku mmoja alikimbia nje bila kunywa dawa, akageuka mbele ya watoto watatu. Hapa ndipo namwona Lupin akiwa mtu mzima: ana akili, ana huruma, na bado ana deni kwa wengine. Ukimwandika kama mbwamwitu asiyeweza kumdhuru yeyote, unamfuta mwenye sheria mbaya, sawa, lakini unamfuta pia mtoto ambaye angeumwa. Huruma anayopewa asiye na meno haimgharimu mtoaji chochote. Mfalme wa Bisclavret alikaribisha kwenye kasri lake mnyama ambaye baadaye alimng'oa mke msaliti pua, na hata hapo hakumwua, bali aliuliza kwanza sababu.

Asubuhi baada ya usiku ule Lupin anafungasha begi lake na kujiuzulu. Anamwambia Harry, mwanafunzi wake, kwamba barua za wazazi zitaanza kufika kesho yake, na kwamba anawaelewa, maana angeweza kumuuma yeyote kati yao. Mashabiki wengi humrudisha darasani kwa kuzifuta barua hizo. Natamani kusoma hadithi ambamo barua zinafika, Lupin anaketi kuzijibu moja baada ya nyingine, na kila mzazi anaambiwa dawa hunywewa siku zipi na ufunguo wa mlango anaushika nani.