Mkono wa Kushoto wa Mchora Ramani

Akija mwanafunzi wa fildi kwenye meza ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo, mabishano ni yale yale. Mmoja atamwambia akariri vifupisho vya kibodi: L achore mstari, O atoe mstari sambamba, TR akate kilichozidi. Mwingine atamwambia hayo ni mbwembwe, aikoni zote ziko juu kwenye utepe, abofye tu. Huyu wa pili ana hoja nzito kuliko tunavyomkubalia sisi wa kibodi, ila nadhani ameipima kazi yetu upande mmoja.

Hoja yake iliwahi kutolewa vizuri mwaka 1989 na Bruce Tognazzini wa Apple. Alisema watumiaji hujiona wana kasi zaidi wakitumia kibodi, lakini saa ikiwekwa, kipanya ndicho kinachoshinda. Sababu ni kwamba muda wa kukumbuka kifupisho humponyoka mtu bila kuuhisi. Hili nimelishuhudia mara nyingi: kijana anasita, kidole kiko hewani, anajiuliza kama kunakili ni C au CO, kisha anaapa kwamba hakuchelewa.

Tulitazame kwa namba. Mwaka 1980 watafiti Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha makadirio ambayo hadi leo yanatumika kupima kazi za kompyuta. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mtu asiye mpiga chapa wa kazi, ni sekunde 0.28. Kupeleka kishale mahali kwa kipanya ni 1.1. Kujiandaa akilini kabla ya kitendo ni 1.35. Sasa chukua amri ya OFFSET, ile O ya mstari sambamba. Kwa aikoni, kishale kinapanda hadi kwenye utepe, kisha kinarudi kwenye ukuta uliokuwa unauchora: sekunde 2.2, bila kuhesabu mbofyo wenyewe. Kwa kibodi ni O na kitufe cha nafasi, 0.56. Umeokoa 1.64. Lakini kama ilibidi uikumbuke kwanza hiyo O, toa 1.35, na faida inabaki chini ya sekunde 0.3. Kwa anayejifunza, basi, hoja ya Tognazzini ina uzito: faida ya kibodi karibu yote imeliwa na kukumbuka.

Ila ile 1.35 ya kukumbuka huyeyuka kadiri mkono unavyozoea. Safari ya kishale kwenda juu na kurudi haiyeyuki, hata uchore miaka 20. Tuseme unatoa amri 500 kwa siku: zile sekunde 1.64 zinafika 820, yaani dakika 13 na ushee. Wengi huishia hapo na kusema dakika 13 ni muda wa chai tu. Mimi naziacha hizo dakika zote na kuuliza jicho lilikuwa wapi.

Fikiria kona ambapo kuta tatu za tofali la inchi 6 zinakutana. Umeisogeza karibu, mistari sita imepishana, na unajua upi ubaki na upi uondoke. Jicho likipanda kwenye utepe kutafuta aikoni, likirudi linakuta mistari inayofanana, na unaanza kuhesabu upya. Hapo ndipo kipande kisichotakiwa kinaposalia, au mstari unapokatwa kupita kiasi, na jioni HATCH, amri ya kujaza eneo kwa michoro, inakataa kujaza chumba kwa sababu kuna mwanya usiouona. Kuutafuta mwanya huo kunameza muda kuliko zile dakika 13. Anayebonyeza TR kwa mkono wa kushoto hakuondoa jicho kwenye kona.

Vifupisho hivi vina kasoro zake, na tuziseme. AutoCAD haina toleo la Kiswahili, kwa hiyo O na TR hazimkumbushi chochote asiyejua jina la Kiingereza la amri. Tena O, L na M (ya kusogeza) ziko upande wa kulia wa kibodi, na mkono wa kulia umeshika kipanya. Tiba ipo: faili la acad.pgp hukuruhusu kuandika kifupisho chako, koma, nyota, kisha jina la amri, hata TRIM ukaiita KT kwa kukata. Lakini ukihamia kompyuta ya mwenzako, KT yako haipo. Na ukifungua SketchUp, programu nyingine ya kuchora, O inazungusha mandhari, huku mstari sambamba ukiwa kwenye F, herufi ambayo AutoCAD huitumia kuviringa kona.

Kwa hiyo anayefungua programu hii mara moja kwa mwezi aendelee na aikoni, asisumbuliwe. Anayechora kila siku ningemwanzishia herufi zile zile zilizokuja na programu, tano tu: L, O, TR, M na CO, pamoja na kitufe cha nafasi, ambacho kikibonyezwa peke yake hurudia amri iliyopita. Hizo tano zikishazama mkononi ndipo aguse acad.pgp.