Daktari atazame kwanza, mashine baadaye

Nimesoma makala inayosifu akili mnemba, yaani mashine zenye programu za kuchambua picha, kwa kupunguza kazi ya kusoma picha za eksirei za matiti. Ni kweli: utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2023, wenye wanawake zaidi ya 80,000, ulionyesha mzigo huo ukishuka kwa asilimia 44. Lakini mwandishi ameruka jambo zito. Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani waliwapa madaktari 27 picha za matiti pamoja na majibu ya mashine, mengine yakiwa yamepotoshwa makusudi. Hata mabingwa wazoefu walivutwa: mashine ikisema kweli walipatia asilimia 82 ya picha, ikikosea wakashuka hadi 46 hivi. Hapo mgonjwa ndiye anayeumia! Hospitali zetu zikinunua programu hizi, daktari aandike kwanza maoni yake, ndipo afunguliwe jibu la mashine.